Neno Langu Mbele ya Kamati ya Ghorofa

Siku ya kwanza kazini, mwaka 1998, Katibu wa ushirika alinikabidhi ufunguo wa bomba kuu la maji akaniambia, "Hapa Mbarara hakuna nyumba kama hii. Wewe salimia watu, funga mdomo." Nilikuwa nimetoka Nakivale juu ya lori la mahindi. Nilimwambia mimi ni mtu wa Ngarama, kule karibu na mpaka wa Tanzania, ndiyo maana nasema Kiswahili sana. Kumbe nilikuwa mkimbizi wa Kivu Kusini, kutoka kambi hiyo ya Nakivale, na uongo huo ndio ulionilisha miaka kumi na saba.

Nyie vijana mnaoona maghorofa kila kona hamjui jengo lile lilivyokuwa. Lilijengwa baada ya vita na watu wenye vyeo: ghorofa sita, ngazi za marumaru, lifti yenye kioo. Lilikuwa la ushirika, maana yake hununui nyumba. Unanunua hisa, na hisa ndizo zinazokupa haki ya kukaa. Kwa hiyo kila anayetaka kuingia alipigiwa kura na kamati. Mimi nilianza getini, nikahamishiwa mitambo: kuwasha jenereta, kupandisha maji hadi tangi la juu, kuteremsha lifti iliyokwama kwa kuzungusha gurudumu la mkono polepole. Mwishowe nikawa msimamizi wa jengo. Kazi niliijua, msinitanie.

Mwenyekiti wa wakati huo alikuwa afande mstaafu, na alileta desturi yake. Kabla ya kura, msimamizi anaitwa ndani. Huyu mtu alipokuja kuangalia nyumba alimsalimia mfagiaji? Aligombana na askari wa geti? Walinisikiliza, na mimi, jamani, nikavimba kichwa.

Siku moja akaja Mama Riziki, muuza vitenge wa Misiera, kijiji kimoja cha kambini. Tulipofika kambini mikono mitupu, ndiye aliyekata turubai lake katikati akanipa nusu. Sasa alikuwa na uwezo, na binti yake Riziki alikuwa na mguu wa kutibiwa hospitalini Mbarara kila wiki, mwaka mzima. Barabara ya Nakivale ilikuwa ikimtesa mtoto. Mama alitaka kukaa karibu, basi. Aliponiona kwenye ngazi alipiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, akishangaa kunikuta kazini pale:

"Papa Byamungu! Ni weye? Mungu wangu! Kumbe uko unatumika fasi hii?"

"Karibu, mama," nilimjibu kama ninavyomjibu mgeni yeyote. Alinitazama, akaelewa kwamba nimejificha, akapita kama mgeni. Alinisitiri palepale.

Jioni kamati ikaniita.

"Mzee, huyu mama wewe najua yeye?" Afande Mwenyekiti aliuliza.

"Simjui, afande."

Laiti ningeishia hapo! Lakini niliogopa huenda kuna aliyemsikia akiniita kwa jina, wasije wakaniuliza amenijuaje. Ili wamkatae upesi, nikaongeza: "Ila watu wa kambini, akiingia mmoja wanafuata ishirini. Wanapika kwa mkaa kwenye roshani."

"Basi. Imekwisha," alisema, wala kura haikupigwa.

Wiki iliyofuata Mama Riziki alinikuta getini. "Bale bantu ba kamati balikatala," aliniambia, "lakini najua weye ulinisemea. Aksanti sana, ndugu yangu." Nami nikajibu, "Nilijaribu, mama." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Mvua zikaja, barabara ikaharibika, wakakosa matibabu wiki nyingi, na mguu wa mtoto haukunyooka.

Mwaka 2015 nilistaafu. Kamati ilinipa saa ya ukutani na hotuba kwamba nimelinda heshima ya jengo. Chumba cha msimamizi ni cha jengo, kwa hiyo nilitoka na sanduku langu nikarudi Misiera. Aliyenipokea ni Mama Riziki. Ninalala nyuma ya duka lake, ninakula chakula chake, na kanisani anawaambia watu jinsi nilivyomtetea mbele ya wakubwa. Ninainamisha kichwa, wao wanadhani ni unyenyekevu. Ni aibu.

Macho yangu yameingia ukungu, kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo, na anayeandika ni Riziki mwenyewe. Tulipofika pale pa kamati kalamu ilisimama. "Na hii niandike, Papa?" Nikamwambia andika. Ameandika yote. Sasa anauliza kama amsomee mama yake.

Msomee, mwanangu. Mwite aje, nami nimekaa hapahapa.