Nyota ya Mwisho ya Mwalimu Idarusi

Mwalimu mstaafu Idarusi na mkewe Zuwena, majirani zangu wa hapa Usagara, walikuwa wakiorodhesha nyota. Si zote, jamani, watazimaliza lini? Zile ndogo za moto mkali tu, adimu mno. Wataalamu wa mbali waliwatumia mchoro wa mwanga wa kila nyota: mstari wenye mabonde. Mabonde yakiwa membamba, ndiyo yenyewe. Yakiwa mapana, hiyo ni nyota iliyokwisha kufa, inapoa tu.

Kila mchoro hukaguliwa na watu wawili, na kushauriana ni marufuku. Basi wakapeana mgongo chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake. Majibu yakishatoka, ndipo ugomvi uanze.

"Macho huna," Zuwena humwambia.

"Haya haya ndiyo yaliyokuchagua wewe."

Asubuhi moja Idarusi akapiga meza. "Mke wangu, leo nimepata yangu!" Miezi saba hakuwahi kupata hata moja. Zuwena akamfokea kwa kuvunja sharti. Alasiri ile Idarusi akaanguka msikitini akitawadha, na nyumbani akarudishwa maiti.

Zuwena akakaa eda. Siku za mwanzo nyumba ilijaa watu. Baada ya arobaini nikabaki mimi na bakuli langu la uji, na mimi nami nilikuwa na haraka zangu. Naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jana nilimkuta ameifungua kwenye kompyuta yake nyota ile ya Idarusi. Akiikubali, itaingia kwenye orodha kwa jina la Idarusi. Akiikataa, itapelekwa kwa mkaguzi mwingine, na marehemu huenda asibakiwe na nyota hata moja. Nikachungulia. Mabonde yalikuwa mapana hata mimi nisiyejua kitu niliyaona.

"Ikubali tu, shoga yangu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Idarusi angejua. Nilimgombeza miaka thelathini na moja, sikumdanganya hata siku moja."

Akabonyeza: Siyo. Kompyuta ikaandika kwamba wakaguzi wawili hawakukubaliana.

Kwa mazoea, Zuwena akageuza kiti chake nyuma, uso umekaa tayari kwa ugomvi. Kiti cha pili kilikuwa palepale, kimeelekea ukutani.

"Haya, nijibu basi," akakiambia.

Tukangoja, yeye na mimi. Kisha akalia, na safari hii sikuwa na haraka.