Hadi Gulu kwa Fulana Iliyogeuzwa

Niliondoka Juba kwa sababu ya pampu ya mkono. Pampu ya shule moja ya msingi kule Sherikat, pembezoni mwa Juba, ilikufa, na watoto walikuwa wakibeba maji ya kunywa kutoka nyumbani. Chama chetu cha wanafunzi kilipata wafadhili walioahidi kununua mpya kwa sharti moja: wawili wetu wafike Gulu, Uganda, kabla ya jua kuzama Jumamosi, bila kulipa nauli wala kununua chochote. Niliuliza mkutanoni kwa nini watoto wa Sherikat wasipate maji mpaka mimi nifike Gulu. Nikateuliwa niende.

Ijumaa asubuhi tulisimama kando ya barabara ya kwenda Nimule, mji wa mpakani. Mwenzangu, Taban, anasoma sheria na anaamini chochote kilichopigwa chapa. Alikuwa amechapisha fulana nyeupe zenye nembo ya tone la maji kifuani, kama kanuni za safari zilivyotaka. "Zitatutambulisha," alisema.

Zilitutambulisha kupita kiasi. Malori ya Waganda hushusha unga na saruji Juba, kisha hurudi matupu, kwa hiyo nilitegemea lifti ya haraka. Dereva wa kwanza alipunguza mwendo, akatusoma vifua, akacheka.

"Nyinyi watu wa NGO! Gari nyeupe yenu iko wapi?"

"Sisi ni wanafunzi, mzee. Hatuna kitu."

"Hamna kitu? Posho iko mfukoni na mnataka kupanda bure!"

Akatuachia vumbi. Wengine watatu wakafanya hivyo hivyo. Aliyetuchukua mwishowe alikuwa na sababu zake: njia nzima alimwomba Taban amtafutie shemeji yake kazi ya udereva. Taban aliapa hana ofisi. "Wakubwa wote husema hivyo," dereva alijibu, akatushusha kijijini Moli, alikokuwa akienda kupakia mbao.

Mchana, Moli. Tulikaa kwenye kivuli cha kibanda cha chai. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya Taban. Nyuma yake akasimama mwingine. Kufumba na kufumbua ulikuwa mstari, kadi za zamani za mgao wa chakula mikononi.

"Anza kuandikisha," nilimnong'oneza Taban. Hakucheka.

Mwenye kibanda, Mama Keji, alijifunza Kiswahili ukimbizini, kambi ya Kakuma, Kenya. "Vijana, mmeleta nini? Mafuta? Neti?"

"Mama, hatujaleta chochote. Sisi ndio tunaomba."

Aliwatafsiria wenzake. Nikadhani tutafukuzwa. Kisha wa kwanza kwenye mstari akasema neno, na kicheko kikapasuka mpaka nyuma.

"Anasema leo NGO itakula kwetu," Mama Keji alieleza, akifuta machozi.

Tukala asida, ugali wa kwetu, na mboga ya karanga, mstari mzima ukitutazama. Mama Keji aliuliza pampu ni ya wapi. Nilipomweleza, alionyesha kwa kidevu pampu yao, imefungwa tawi la miiba.

"Yetu raba imekwisha ndani. Kitu kidogo tu. Sasa yetu, nani atatembea? Mpaka wapi?"

Mimi ninayeuliza kila kitu niliendelea kutafuna.

Lori la pili la mchana lilipotupita, Mama Keji alikasirika. "Geuzeni hizo nguo! Mkivaa hivyo nani atawahurumia?"

"Kanuni zinasema lazima tuzivae," Taban alisema.

"Hazisemi upande gani," nilimjibu.

Tukazigeuza. Mama Keji akasimama barabarani na mwiko wake juu, na lori likasimama. "Hawa watoto yangu. Wapeleke vizuri."

"Ndiyo, mama," dereva alisema, na hadi Nimule hakutuuliza lingine.

Jumamosi, baada ya kulala kwenye uwanja wa kanisa Nimule, tulivuka mpaka na kupata lori la kreti tupu za soda. Tuliingia Gulu jua likiwa bado kali. Tukapiga picha, tukaituma. Wafadhili walijibu kwenye simu kwa vikatuni vya makofi. Sherikat ilikuwa imepata pampu.

Jumapili tulirudi vilevile, fulana zimegeuzwa. Tulipokaribia kibanda nilimwomba dereva apunguze mwendo.

"Mmefika?" Mama Keji alipaza sauti.

"Tumefika!"

"Maji iko?"

"Iko Sherikat!"

Alicheka, lakini kidevu chake kikaelekea tena kwenye ile miiba.

Nilitoka Juba nikiamini kwamba watu humsaidia mtu wanayemwamini. Moli walitusaidia bila kutufahamu, baada ya kujua hatuna cha kuwapa. Siku fundi alipofunga pampu mpya ya Sherikat, chama kilikuwa tayari kinapanga safari ya Kampala, ndefu zaidi, wafadhili wengi zaidi. Nimependekeza fupi: Moli, pamoja na huyo fundi, raba mfukoni, nauli tulipe wenyewe. Tunaondoka Ijumaa. Taban ameuliza tutavaa fulana zipi. Nimemwambia avae shati lake.