Mkurugenzi wa Kampuni Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mama Akaiti Tuakana alikuwa mkurugenzi wa kampuni mia mbili na kumi na mbili, na hakupata kuiona hata moja. Kila asubuhi alishuka mjini Avarua kwa pikipiki, ua limechomekwa sikioni, akaketi meza ya dirishani katika ofisi ya mwanasheria Haslett na kuanza kutia sahihi. Mimi nilikaa meza ya pili, nikipiga mihuri. Tulikaa hivyo miaka kumi na minne.

Hakusomea biashara. Aliingia pale kama mfagiaji. Siku moja, mwaka wa themanini na nane, Haslett alihitaji jina la mkaazi wa kisiwa chetu cha Rarotonga la kuandika kwenye karatasi za tajiri wa mbali, asiyetaka la kwake lionekane. Akamwita Akaiti aweke ufagio chini. Sheria ya wakati ule haikuuliza zaidi ya hapo. Baada ya tajiri wa kwanza wakaja wengine.

Mumewe alishafariki, amezikwa mbele ya nyumba kama ilivyo desturi yetu. Mwanawe wa pekee, Tangi, alihamia Brisbane, na majirani wa kushoto na kulia walifunga milango wakaenda Auckland. Nadhani ndiyo maana alizipenda zile kampuni. Alijua ipi ina anwani Trieste, ipi Antwerp, na redio ikitaja mafuriko au tetemeko, utamsikia akiguna: "Maskini, tuna watu wetu huko."

"Watu gani, Mama? Sanduku la posta tu hilo," nilimtania.

"Sanduku halijifungui lenyewe, we mtoto."

Kisha mataifa makubwa yakachoshwa na kampuni zisizo na wenyewe. Serikali yetu ikaambiwa ibadili sheria, la sivyo benki za nje zitatukatia uhusiano. Na kisiwa kinachoagiza hata viberiti kutoka nje kitaishije bila benki? Sheria mpya ikapita: kila kampuni imtaje mmiliki wake halisi, na mkurugenzi awe mtu anayeijua kazi yake.

Mkaguzi aliyetumwa kwetu alikuwa binti wa kisiwa jirani cha Mangaia, jina lake Ngatupuna. Akafungua faili la kwanza mbele ya Akaiti.

"Mama, hii kampuni inauza nini?"

"Iko Trieste."

"Sijauliza iko wapi, Mama. Inauza nini?"

Akaiti aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Nimeitilia sahihi miaka kumi na tisa."

"Na mwenyewe ni nani?"

Haslett akakohoa, akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Simjui, mwanangu," Akaiti akasema. "Hajawahi kuniandikia."

Ngatupuna alikuja na orodha ndefu ya maswali. Alilifunga faili taratibu, na siku hiyo hakuuliza jingine.

Kampuni zikaanza kuondoka. Wengi wa wenyewe waliona heri kuzifunga kuliko kutajwa, na kwa kila moja Akaiti alipaswa kutia sahihi barua ya kujiuzulu. Chini ya kila barua, Haslett asijue, aliongeza kwa mkono wake: "Natumaini mu wazima." Niliona, nikanyamaza, nikazipeleka posta. Jibu lilikuja moja tu, la wakili fulani: tafadhali msiandike kwa mkono kwenye hati rasmi.

Mwezi wa nane Tangi akapiga simu. Masikio ya Akaiti yalikuwa yameanza kumchezea, kwa hiyo aliweka sauti ya juu, nami nikasikia yote.

"Mama, jina lako liko gazetini huku."

"Langu? Kwa jema gani?"

"Si jema. Kuna kampuni imeshtakiwa kwa kuficha mali, wameandika mkurugenzi ni Akaiti Tuakana. Bosi kaniuliza kama ni ndugu yangu."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia majina yanafanana."

Akaiti akatazama dirishani.

"Na Mama, ile sherehe ya nywele za mjukuu wako... labda usije safari hii. Wakwe wanasoma magazeti."

Kwetu nywele za mwana wa kiume huachwa zirefuke mpaka siku ile ndugu wote wanapokata shungi mojamoja, na katika ukoo wao bibi ndiye hutangulia.

"Haya," akasema. "Uangalieni mkasi tu, asikatwe sikio."

Alikata simu akarudi kwenye barua zake. Alitia sahihi tisa, kisha akachukua mkoba na kwenda zake bila kuaga. Kumbe alikwenda kwa Ngatupuna.

"Niandikie kwamba sikuwa na kitu," alimwambia.

Ngatupuna alipekua mafaili siku nne ndipo akaandika, akapiga muhuri: Akaiti Tuakana hakuwa mmiliki wa kampuni yoyote, hakufaidika nayo, wala hakujua shughuli zake. Akaiti aliisoma kwenye benchi la nje mara mbili, akanipa na mimi.

"Miaka yote ile," akasema, "na imeenea mistari mitatu."

Barua ilipofika Brisbane, mtoto alikuwa ameshanyolewa wiki moja kabla. Tangi alilia kwenye simu, na mama ndiye aliyembembeleza.

Haslett alifunga ofisi akarudi kwao Tauranga. Ngatupuna alimchukua Akaiti siku mbili kwa wiki kupanga mafaili ya zamani, maana hakuna mwingine aliyekumbuka ipi ilikuwa ipi. Anafanya kazi hiyo peke yake, chumba cha nyuma.

Pasaka iliyopita nilikutana naye nje ya kanisa, nikamuuliza kama ameshakwenda kumwona mjukuu.

"Bado. Tangi anasema labda mwakani." Akanishika mkono. "Umekula? Njoo kwangu, nimepika rukau, majani ya magimbi kwa tui, sufuria nzima. Mpaka leo sijajua kupika ya mtu mmoja."

Nilikuwa nimekula. Nikaenda.