Mfungo wa Miti ya Mbithi

Siku ya kumzika Mbithi, wasemaji wote walikubaliana kwamba alikuwa mtu mwenye maono. Ni jambo la kushukuru, kwa maana alipokuwa hai watu wale wale walikubaliana kwamba kichwa chake kina kasoro. Mkewe, Ndunge, alikaa kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani, akiitikia "Amina" kila palipohitajika. Yeye pia alikuwa amesema mengi kuhusu kichwa hicho, ila angalau aliyasema wakati mwenye kichwa anasikia.

Ndunge alizaliwa Ikutha, upande wa Kitui, ambako mtu mwenye akili hufuga mbuzi. Mbithi alipomleta nyumbani kwao karibu na Mukuyuni, alimzungusha shambani na kumwonyesha safu za vijiti vilivyosimama kwenye udongo mwekundu. Ndunge akauliza kama ni ua wa kuzuia mifugo.

"Ni matufaha," Mbithi akasema.

"Yale ya Edeni?"

"Yale ya Githaiga."

Githaiga alikuwa mtu wa Nyeri mwenye duka Makindu, aliyemuuzia miche hiyo huku akiapa kwamba jamii yake huvumilia joto. Mbithi alimwamini. Alikuwa Mkristo aliyeokoka, na kuamini yasiyoonekana ilikuwa desturi yake.

Isitoshe, alikataa kunyunyiza dawa za dukani. Majirani walinyunyizia maembe yao dawa mpaka nyuki wakahama kata. Yeye alitumia samadi ya mbuzi, majivu, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyochacha mpaka wageni wakawa wanakunywa chai upande wa pili wa nyumba. Malipo ya utakatifu huo yalikuwa matufaha madogo yenye madoadoa kama uso wa kijana wa kidato cha pili. Sokoni Mukuyuni wateja waliyashika, wakayageuza, wakamtakia Mbithi baraka, kisha wakaenda kununua yale makubwa yanayong'aa, yaliyovuka bahari yakiwa na kibandiko. Ilichukua miaka kabla watu hawajayaonja kwa bahati mbaya na kunogewa. Baada ya hapo walinunua, ila hawakuacha kumcheka. Desturi njema haiachwi.

Lakini kilichowachekesha zaidi kilikuwa ile kazi yake ya kila mwaka baada ya mavuno. Mti wa tufaha hutaka majira ya baridi ili ulale, na Makueni, pamoja na fadhila zake zote, haina baridi ya kulaza hata kuku. Kwa hiyo Mbithi aliidanganya miti yake. Aliinyima maji, kisha akaipukutisha majani kwa mkono, jani kwa jani, mpaka ikasimama uchi. Ikishalala hivyo majuma kadhaa, huamka na maua. Ndunge hakuwahi kugusa kazi hiyo. Alikuwa akipita na ndoo ya maziwa na kumuuliza, "Ukimaliza kuinyonyoa, utaichemsha au utaichoma?"

Mwezi wa nane, mavuno yakiwa yameisha na majani yakiwa bado mtini, moyo wa Mbithi ulisimama akiwa amekaa mezani mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Walimzika kando ya safu ya nyuma. Mahali hapo palichaguliwa na kaka yake mkubwa, Muindi, kwa sababu udongo wake ni laini. Upendo wa ndugu huonekana hata katika kumrahisishia mchimbaji.

Hema la msiba lilikuwa halijarudishwa kwa wenyewe pale Muindi alipoita kikao. Shamba bado lilikuwa kwa jina la marehemu baba yao, na kaka mkubwa ndiye aliyelisemea.

"Shemeji, tumelia vya kutosha," akasema. "Sasa tuongee mambo ya tumbo. Vuli inakuja. Hapo tunang'oa hayo maepo ya Mbithi, tunapanda ndengu."

"Miti inazaa," Ndunge akasema.

"Ilikuwa inazaa kwa Mbithi. Sasa ataichunga nani? Wewe? Si wewe ni mtu wa mbuzi?"

Wazee wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba. Ni kweli Ndunge alikuwa mtu wa mbuzi. Akaomba msimu mmoja. Muindi, ambaye huruma yake haina mwisho mradi isimgharimu kitu, akatoa hukumu: miti ikitoa maua kabla mvua haijanyesha, itabaki. Isipotoa, ataleta msumeno. Kisha akaomba sahani nyingine ya wali.

Kesho yake Ndunge aliingia shambani na kuanza kupukutisha. Vidole vyake viligeuka kijani, kisha vyeusi. Aliona ambavyo matawi yalikuwa yameinamishwa kwa kamba zilizofungiwa mawe, kazi aliyokuwa akiidhani ni mchezo wa mtu asiye na shughuli. Hakuna tawi lililomshinda kulifikia. Mbithi alikuwa mtu mrefu, hakuhitaji matawi ya chini hivyo. Ndunge alilitafakari jambo hilo muda mrefu kuliko alivyotaka, kisha akashika tawi lililofuata.

Miti ikabaki mifupa. Ndipo akina mama wa kanisa walipokuja kumfariji, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Kavata, mwanamke ambaye hufunga kula kila Ijumaa na kuhakikisha hakuna asiyejua. Walisimama langoni wakaona lile shamba tupu.

"Shamba limemfuata mwenyewe," Mama Kavata akanong'ona, kwa sauti iliyofika barabarani.

Hawakumuuliza mjane, maana mjane haulizwi, anasaidiwa. Wakageuka, wakateremka mtoni, wakafukua mchanga mpaka maji yakatoka, wakajaza mitungi, wakapanda mlima nayo mgongoni, kamba zikiwakata vipaji vya nyuso, wakiimba. Katika nchi yetu hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo, na kwa miti ile hakukuwa na sumu kali zaidi. Ndunge alipotoka zizini, safu ya mbele ilikuwa tayari imelowa.

"Mama Kavata, weka mtungi chini."

"Ni ya miti, mwaitu, mama yetu. Imekauka."

"Haijakauka. Nimeipukutisha mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Akina mama wakatazamana. Mmoja akamshika Ndunge kiwiko, kama anavyoshikwa mtu anayepelekwa hospitali bila kuambiwa. "Huzuni ni kitu kibaya, dada," akasema.

Ndunge alijaribu kueleza habari za baridi na usingizi, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia. Mtungi mwingine ukainuliwa. Aliona msimu aliopewa na Muindi ukimwagika pale chini.

"Imefunga," akasema. "Miti imefunga. Haili, hainywi. Mkiifungulisha kabla ya wakati wake, itakosa ilichoomba."

"Mfungo mkavu?" Mama Kavata akauliza.

"Mkavu."

Mtungi ukashuka polepole. "Ungesema mapema."

"Mmefika mkiimba. Ningesema saa ngapi?"

Maji yaliyobaki yakapikiwa chai. Kabla chai haijaisha ilikuwa imeshapitishwa kwamba si haki miti ifunge peke yake wakati kanisa lina waombaji. Kuanzia Ijumaa hiyo wakaja, wakatandika leso katikati ya miti, wakafunga pamoja nayo. Ndunge hakuwa ameomba hayo, ila mtu hakatai maombi.

Habari kwamba miti imekauka zilimfikia Muindi, naye hakungoja mvua. Alikuja na kijana wa kukodi mwenye msumeno wa petroli. Kwa bahati yake ilikuwa Ijumaa, na alasiri, saa ambayo mwanamke anayefunga huwa hana subira ya ziada.

"Muindi," Mama Kavata akamwita bila kuinuka, "wewe hutoa fungu la kumi?"

"Hilo linahusiana nini na miti?"

"Nauliza tu. Mtu anayeleta msumeno katikati ya maombi huwa ana mambo yake na Mungu."

"Hii miti imekufa, mama. Si unaona?"

"Mimi nami sijala tangu jana. Nimekufa?"

Mwenye msumeno alikuwa mshiriki wa kanisa hilo hilo, na mama yake alikuwa ameketi pale kwenye leso ya tatu. Akatazama tangi, akakumbuka kwamba petroli imeisha. Muindi akarudi nyumbani akilaumu vijana wa siku hizi.

Maua yalitoka mvua ikiwa bado inazunguka upande wa Kitui. Ndunge aliyaona asubuhi, akienda kukamua: meupe, pembeni yameguswa na rangi ya waridi, matawi yote ya safu za nyuma. Safu ya mbele, ile iliyopata zawadi, ilikuwa imetoa majani tu, mazuri sana, ya kulisha mbuzi. Ndunge aligeuka kuelekea nyumbani na kufungua kinywa amwite Mbithi, kisha akakifunga.

Muindi alifika kabla ya saa nne, amevaa koti. Alitembea kati ya miti, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kazi yake mwenyewe.

"Tangu mwanzo nilisema ndugu yangu ana maono," akasema.

"Ulisema kaburini."

"Si nilisema? Hili shamba letu litatuletea jina, shemeji."

"Litaleta," Ndunge akasema. "Na samadi yetu iko zizini. Koleo lipo mlangoni."

Muindi akatazama viatu vyake, akakumbuka mtu aliyekuwa akimngoja sokoni.

Jumapili, Mama Kavata alishuhudia kanisani jinsi akina mama walivyofunga mpaka Bwana akaiamsha miti. Safu ya mbele haikupata nafasi katika ushuhuda huo. Ndunge akasema Amina, na hakuisema kwa hila. Alimshukuru Mungu kwa maua, kama inavyompasa. Kuhusu lile lingine, la mwezi wa nane, yeye na Mungu walikuwa bado hawajaelewana, na wote wawili walijua.

Alitoka ibadani, akabadilisha nguo, akateremka mtoni na mtungi. Mfungo ulikuwa umekwisha, na miti ilikuwa na kiu.