Nukta Nyeupe Upande wa Bustani

Alfajiri, taa za barabarani zinawaka bado. Mwanamke aliyevaa koti la bluu anazunguka jengo la vioo, ufagio mkono wa kulia, mfuko mweusi mkono wa kushoto. Hajaanza kufagia. Anatembea ameinamisha kichwa, akitazama pale ukuta unapokutana na sakafu ya nje.

Upande wa bustani hakuna kitu. Upande wa maegesho hakuna kitu. Anapofika mbele, chini ya kioo kirefu cha mapokezi, anasimama.

Ndege mdogo amelala ubavu, mdomo wazi. Bado ana joto.

Siku zote mama huyu angemwokota, akamtia kwenye mfuko na kufuta kioo kabla gari la kwanza halijaingia. Ndiyo amri aliyopewa alipoajiriwa: mteja asimkute ndege aliyekufa mlangoni. Leo anamtazama kwa muda, kisha anapita kando yake na kwenda kufagia ngazi.

"Leo mwenye jengo anakuja," anasema bila kugeuka. "Mimi maneno hunikauka mbele ya wakubwa. Huyu atanisaidia."

Walinzi wa lango wanamwita Mama Ndege. Jina lilianza kwa dhihaka, likamganda.

"Mama Ndege, umevuna wangapi leo?" mlinzi anamtania kutoka kibandani. "Si ututilie na sisi sufuriani?"

"Wewe na tumbo hilo? Wangekwisha ndege wa nchi nzima."

Mlinzi anacheka, mama naye anacheka kidogo. Kwa kawaida hayo ndiyo mazungumzo yake yote ya asubuhi. Watu wa ofisini wanapoanza kuingia, yeye huwa ameshateremka stoo, chumba kisicho na dirisha kilichojaa ndoo na sabuni, na huko ndiko anakonywea chai yake. Watu wa ghorofani wanalijua koti kuliko uso. Siku moja alikutana dukani na karani wa ghorofa ya pili, akamsalimu. Karani aliitika huku akimtazama kama anayejiuliza, huyu ni nani?

Nyumbani ana chumba kimoja cha kupanga. Mumewe alifariki zamani. Binti yake wa pekee ameolewa mbali, hupiga simu Jumapili mtandao ukikubali. Mshahara unatosha kodi na chakula. Kinachobaki ni cha salio la simu.

"Ukiishi peke yako mdomo unaota kutu," anasema. "Kuna siku nafika kazini nikimsalimia mlinzi nasikia sauti yangu imekwaruza, najua ndiyo mara ya kwanza kuitumia tangu jana."

Ndiyo maana aliwazoea ndege, hasa wale wasiokufa. Wengine hugonga kioo wakazimia tu. Hao huwaweka katika boksi la katoni lenye matundu, akalifunika, akaliacha stoo penye giza na utulivu mpaka wapate fahamu. Akiwa anakunywa chai, huongea nao.

"Nawaambia bei ya mkaa imepanda, goti linauma. Hawajibu, lakini hawaondoki pia. Wakishapata nguvu nawaachia, na hilo nalo ni sawa. Mgeni hakai milele."

Kioo humdanganya ndege kwa urahisi. Asubuhi kioo cha jengo hili huonyesha miti ya bustani na anga juu yake. Ndege haoni ukuta, anaona njia. Anaruka kwa kasi yake yote kuelekea tawi ambalo halipo.

Mama alipoanza kulalamika, kikwazo cha kwanza kilikuwa uhodari wake mwenyewe.

"Nilimwendea meneja wa jengo. Akaniuliza, 'Ndege gani, mama? Mimi nipo hapa kila siku sijaona hata mmoja.' Angewaonaje, na mimi ndiye ninayelipwa ili asiwaone?"

Akapiga moyo konde, akaanza kimyakimya. Kwanza alikata karatasi nyeusi umbo la mwewe, akaibandika dirishani. Ndege wakampita mwewe ubavuni, wakagonga kioo pembeni yake. Kisha akachukua kipande cha sabuni na kuchora nukta katika madirisha ya ukumbi wa chini, moja baada ya nyingine, mpaka bega likafa ganzi. Aliona amemaliza kazi. Kesho yake akaokota tetere wawili palepale.

"Nililia," anakiri. "Si kwa tetere tu. Nililia kwa sababu sikuwa na mtu wa kumuuliza nimekosea wapi."

Mtu huyo alishuka kwa kamba. Ni muosha vioo, kijana wa watu mwenye watoto watatu, ambaye wenzake wanamwita Popo kwa vile riziki yake huitafuta akining'inia.

"Shangazi, hizi nukta nani kazichora kwa ndani?" aliuliza.

"Mimi. Kuna ubaya?"

"Hebu toka nje. Simama hapa. Unaziona?"

Mama akatazama. Aliona miti, mawingu, na mwanamke mwenye koti la bluu. Nukta hazikuonekana kabisa.

"Basi na ndege haoni," Popo akasema. "Picha ya miti iko huku nje, wewe umechora nyuma ya picha. Kuna jengo niliosha zamani, wao walipaka kwa nje, rangi nyeupe, nukta zimekaribiana upana wa vidole vitatu. Zikiachana sana ndege anadhani atapenya katikati."

Ilibaki ruhusa, nayo ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Njiwa aligonga dirisha la ofisi ya meneja wakati mwenyewe anakunywa chai. Alipoitwa kufuta, mama alikuta kioo kimebaki na chapa ya njiwa mzima: kichwa, kifua, na mabawa mawili yaliyokunjuliwa, kama aliyechorwa kwa unga. Meneja alikuwa bado amesimama, kikombe mkononi.

"Hii hutokea mara nyingi?" aliuliza.

"Kila siku, bosi."

Akawapa upande wa bustani, kwa sharti. Mwenye jengo alikuwa safarini. Akirudi akikataa, nukta zote zitaondolewa, na atakayezikwangua kwa wembe ni mama mwenyewe.

Walipaka siku zao za mapumziko, Popo juu kwenye kamba hadi pale vilele vya miti vinapoishia, mama chini na ngazi. Binti alipopata habari hizo simuni alipandisha sauti: "Mama, utamwaga unga kwa ajili ya ndege?" Mama alimwambia tu kwamba rangi inakauka haraka.

Leo, jua limeshapanda, gari la mwenye jengo linaingia. Ni mzee mrefu, mwenye haraka. Meneja anamfuata hatua moja nyuma. Mama ameitwa kutoka stoo, amesimama na mikono ndani ya mifuko ya koti.

Mzee anatazama ukuta wa bustani, nukta kwa maelfu.

"Wapangaji wawili wamelalamika. Wanasema jengo limepata surua."

Meneja anakohoa.

"Na faida yake iko wapi?" mzee anauliza. "Nionyeshe. Hapa mimi sioni kitu."

"Ndiyo hivyo, mzee," mama anasema, sauti ikikwaruza. "Hakuna kitu."

Mzee anamgeukia, kama aliyejibiwa ufedhuli. Mama anaelekeza kidole kwenye kona ya jengo.

"Naomba twende mbele."

Wanazunguka jengo. Ndege wa alfajiri yuko palepale, sasa amekakamaa, na sisimizi wameshamfikia. Meneja anashtuka, anauliza kwa ukali kwa nini pamekuwa hivi mpaka saa hizi.

"Nimemwacha kusudi, bosi. Huku hakuna nukta. Kila siku namwondoa mapema ili msimwone. Leo nimeona mumwone mara moja, halafu mnifukuze."

Mzee anachuchumaa kwa taabu, mkono juu ya goti. Anamtazama ndege, kisha anainua macho kwenye kioo, ambamo anga ya asubuhi imekaa yote, mpaka na wingu lake dogo.

"Ningekuwa yeye ningepita hapahapa," anasema.

Uamuzi wake ni nusu mkate. Za bustani zibaki. Za mbele hataki kuzisikia mwaka huu. Mlango wa jengo, anasema, ni uso wa jengo. Mwakani ataangalia. Kuhusu kufukuza mtu hagusii, naye meneja anajifanya amesahau.

Popo, anapopigiwa simu, anapiga kelele za furaha. Mama anatabasamu, anakata simu, anachukua ufagio na kumwondoa ndege wa mlangoni.

Alasiri anavua koti stoo na kulikunja mapajani. Tangu nukta zipakwe boksi limekaa tupu siku nyingi. Anasema hakutegemea kwamba angeona pengo.

"Nilitaka wasife, na bustanini hawafi. Lakini chai sasa nanywa na ndoo." Anacheka, kisha anaacha. "Unajua nini? Nimewashika ndege kuliko mtu yeyote hapa. Nawajua uzito, nawajua kucha. Lakini yule anayeimba juu ya mti asubuhi, siwezi kukwambia ni yupi. Hakuna aliyewahi kuniimbia mkononi."

Kwa hiyo ana mpango. Mwakani atarudi kwa mzee kuhusu upande wa mbele. Kabla ya hapo, Jumamosi hii asiyokuwa na zamu, atavaa gauni lake zuri na kuja kukaa bustanini, bila ufagio, mpaka ajue angalau sauti moja ni ya nani.

Anapotoka langoni anamwarifu mlinzi mapema.

"Jumamosi nakuja kama mgeni."

"Mgeni lazima aseme anakuja kumwona nani, Mama Ndege. Nitasema nani?"

"Kuona nimeona vya kutosha, baba," anajibu akivuka barabara. "Sema nakuja kusikiliza."