Simu ya Dirishani

Simu niliiingiza darasani kwa makusudi, na nalisema hilo mapema asije mtu akanitetea. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya skuli yetu, hapa Mji Mkongwe: marufuku mwalimu kuingia na simu darasani. Mimi nilitaka kujisikiliza nnavyosomesha, maana wenzangu walikuwa wakinicheka kwamba nna pupa. Soketi nzima ilikuwa moja tu, kule nyuma. Nikaichomeka simu, nikaiweka dirishani, nikarekodi somo zima.

Jioni nimekaa jikoni nachambua mchele, nikaifungua. Kweli nna pupa. Lakini sauti yangu ilitoka mbali. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya mtoto ananong'ona. Nikiuliza swali, yeye anampa jibu mwenzake wa mbele, mwenzake anasimama kulisema, na mimi namtaka kila mtu ampigie makofi. Tulipofika kwenye kusoma, alisoma ukurasa mzima, akamaliza kabla yangu.

Astaghfirullah! Pale chini ya dirisha alikuwa akikaa mtoto mmoja tu wa kike, na ripoti yake nilikuwa nshaiandika wiki ile ile: hajui kusoma, arejee darasa la tatu. Alikuwa ameshalirejea mara moja, kwangu mimi huyu huyu. Huo ungekuwa mwaka wa tatu kwenye benchi moja.

Kila nilipomsimamisha alishika ukingo wa meza, midomo inacheza, sauti haitoki. Nangoja kidogo, nasema, "Kaa." Mama yake alinijia mara mbili. "Mwalimu, huyu nyumbani anasoma mpaka makaratasi ya kufungia maandazi. Kigugumizi tu kinamtia haya." Nikamjibu kwamba kila mzazi husema hivyo. Lo, mdomo wangu huu! Mchele ule sikumaliza kuuchambua, nililia kwa hasira.

Asubuhi nikaingia kwa mwalimu mkuu, simu mkononi.

"Shikamoo. Nna rekodi ya yule mtoto niliyemwandikia arejee darasa."

"Marahaba. Hiyo rekodi umeichukua wapi?"

"Darasani."

"Tangazo hulioni?"

"Naliona kila siku."

"Basi siisikilizi. Na ripoti nshaisaini. Nenda kasomeshe."

"Siendi."

Akavua miwani. Nami nilikuwa nshasema, na kurudi nyuma sikutaka. Nikamwambia mtoto yule anasoma kuliko darasa zima, kwamba aliyekosa ni mimi, na kama haniamini amchagulie mwenyewe cha kusoma.

Akainuka kwa ghadhabu, akalibandua lile tangazo mlangoni. "Haya, asome hili!"

Lugha ya wakubwa, maneno marefu. Nilimwita mtoto. Alipoiona karatasi mkononi mwa mwalimu mkuu macho yalimjaa machozi. Nikampa karatasi na simu, nikamwambia, "Mwanangu, kaa nyuma ya mlango, uinong'onezee simu. Hakuna atakayekutazama." Alinitazama mimi kwanza. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Tukangoja, mwalimu mkuu na mimi, kila mtu anatazama ukuta wake. Mtoto aliporudi, nikaiweka simu juu ya meza, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Akasikika, taratibu, bila ya kukwama hata pahala pamoja, kuanzia "Ni marufuku" mpaka "hatua kali za kinidhamu zitachukuliwa dhidi yake".

Mwalimu mkuu alivaa miwani. Alivuta ripoti, akayakata maneno yangu, akaandika: apande darasa la nne. Kisha akavuta karatasi nyengine, akaniandikia mimi barua ya onyo.

"Sheria ni sheria, Bi Mwalimu."

"Lete kalamu nisaini," nikamwambia.

Simu ingali dirishani, na naendelea kurekodi. Anayetaka kuniandikia tena, karatasi zipo. Barua ile nnayo, kwenye kava la plastiki. Imetaja kosa moja, la kuingia na simu darasani. La kumwambia mtoto anayesoma "kaa", kwa miaka miwili, hakuna aliyeniandikia. Nimeliongeza mwenyewe chini ya saini yangu, kwa kalamu nyekundu niliyokuwa nikimsahihishia.