Karani Ignas hapigi chapa mpaka aone

“Kidole ni changu, Mama Mageni! Sikichovyi wino kwa ajili ya mume wa mtu,” anafoka Thobias.

“Mume wa mtu? Aliyekuezekea nyumba ndiye leo mume wa mtu?” anauliza jirani huyo.

“Hebu tukione hicho kidole,” anadakia bibi Paskalina. “Kina dhahabu?”

Saa tatu asubuhi, uwanja wa Serafina, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, umejaa majirani. Waliokuwa wakienda kisimani wametua ndoo. Thobias, ambaye uzio wake wa minyaa unagusana na wa Serafina, amegeuka kuondoka, lakini miguu haiondoki.

Katikati yao, kwenye kigoda, ameketi Ignas, mashine ya kupigia chapa juu ya kreti mbele yake. Amefumba macho. Mgeni angedhani amelala.

Hajalala. Ndivyo anavyofanya kazi.

Ignas, mwenye miaka arobaini na miwili, alikuwa karani wa mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Kazi ilipokwisha mwaka 1949, alirudi na mashine kuukuu, akaomba kona ya baraza dukani kwa Girish. Hapo huwaandikia rufaa waliochapwa, waliofungwa bila kusikilizwa, walionyang'anywa ng'ombe. Ada ni shilingi moja. “Aliyepigwa bure haniletei kitu,” anasema.

Kwa miaka mitano ameandika barua mia mbili na kumi. Zilizojibiwa ni thelathini na moja. Mara tatu ameitwa ofisini kuulizwa nani anamtuma. “Nikawaambia, masikio yangu.”

Safari hii ni Herman, mume wa Serafina. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alidai hakulima matuta aliyoamriwa. Matuta yapo, kila apitaye anayaona. Matarishi wake walimchapa palepale shambani kabla ya baraza lolote kumsikiliza, kisha akafungwa miezi sita. Muda wa rufaa unakwisha leo jioni, na bila shahidi barua itabaki neno la mke.

“Fumba macho, mayu,” Ignas alikuwa amemwambia Serafina, akimwita mama kwa Kisukuma. “Siku ile upepo ulitoka wapi?”

“Mashariki. Ulinuka mvua.”

“Ng'ombe?”

“Mmoja, mwekundu, amelala.”

“Na njiani?”

Hapo, macho yakiwa yamefumbwa, Serafina alimwona tena Thobias, amesimama, anatazama. Ugomvi ukaanzia hapo.

“Nina ng'ombe wanne,” Thobias ananung'unika. “Kesho mwanangwa atakuja kuwahesabu.”

Ni kweli.

Ignas anaanza kupiga chapa, taratibu, kama matone ya kwanza juu ya bati. Makelele yanazama. Kina mama wanaketi chini, na kwa kitambo uwanja mzima ni kama watu wanaoota ndoto moja. Kisha anasoma: shamba, upepo, ng'ombe mwekundu, mtu mmoja njiani na jembe begani, viboko kumi.

“Shoka,” anasema Thobias.

Ignas anainua macho kutoka kwenye karatasi.

“Lilikuwa shoka. Na viboko havikuwa kumi. Kumi na viwili. Nilihesabu.”

“Niandike nani amenisahihisha?”

Thobias anatazama minyaa yake, anatazama njia. Halafu anachuchumaa mbele ya kreti na kunyoosha kidole.

Ignas ana mpango. Nyuma ya duka kipo chumba ambacho Girish amekubali kumpangisha kiwe ofisi ya rufaa. Anakiona waziwazi: benchi mbili, mtungi wa maji, mwanamke wa kuwasikiliza wanawake. “Na mlango,” anasema, sauti ikiwa mbali. “Mtu aseme jambo lake bila kutazama barabarani.”

Anaitia barua ndani ya koti na kupanda baiskeli. Lazima imfikie Bwana Shauri, afisa wa wilaya, kabla ofisi haijafungwa.

Majirani wanatawanyika. Thobias anabaki peke yake, hajui ashike njia ipi.

Serafina anaepua chungu cha matobolwa, viazi vitamu vikavu.

“Baba Zipora,” anamwita Thobias kutoka mlangoni, “umesimama nini juani? Ingia ule.”